Upindo wa Nguo ya Katani

Bawabu wa nyumba ya Luo hakumwuliza mgeni jina lake. Alimwuliza jina la baba yake. Hakimu Pei Zongyu alikuwa amesimama kwenye matope, muhuri wa Mfalme unaning'inia kiunoni, wapagazi wa machela wanahema nyuma yake, akatupiwa swali hilo kwa sauti ya mtu anayefukuza kuku jikoni.

"Mwana wa nani?"

Hakimu akasema yeye ni hakimu wa jimbo, ametumwa kuchunguza mauaji. Bawabu akamjibu kwamba hakuulizwa kazi. Lango hili, alisema, halimfungukii mtu kwa kazi yake wala kwa muhuri wake. Linamfungukia kwa aliyemzaa, akiingia na akitoka. Basi Hakimu akalitaja jina la baba yake shingo upande, baba aliyekuwa mshona viatu katika mji mdogo wa kusini. Bawabu akalirudia polepole kama anayeonja mchuzi wa jirani, kisha akafungua ubao mmoja tu wa lango, mgeni apite ubavu ubavu. Hakimu akapita hivyo hivyo, tumbo amelivuta ndani. Tangu dakika ile aliichukia nyumba ya Luo, na hakujisumbua kuficha.

Ndani kulikuwa na nyua zinazofuatana, ua baada ya ua, na kila ua ulikuwa na majira yake. Wa kwanza ulikuwa na mvua. Wa pili ulikuwa na jua la asubuhi na miforosadi iliyochipua majani mabichi. Wa tatu ulilala chini ya theluji, na hakuna aliyekuwa ameikanyaga. Bawabu alitangulia, na kila alipovuka kizingiti alizidi kuwa kijana: mgongo ukamnyooka, mvi zikapotea, mpaka alipofika ua wa mwisho alikuwa barobaro mwenye meno yote. Hakimu hakushangaa. Katika Dola ile wakati ulikuwa mali ya wenye nyumba kubwa kama ardhi na visima vilivyokuwa mali yao. Waliweza kuuweka, kuurudisha, kuukodisha. Maskini ndio waliopewa siku moja moja, wakaambiwa washukuru. Baba yake Hakimu alikuwa ameishi hivyo, siku moja moja, na viatu vya watu wengine mapajani, na alipokufa hakubakisha hata jioni moja ya kumrithisha mtoto wake. Hakimu aliyawaza hayo huku theluji ikimwingia viatuni, na hasira ikampanda.

Aliyeuawa alikuwa Mzee Luo Baisheng, kichwa cha nyumba hiyo. Walimkuta amelala kifudifudi katika ukumbi wa mababu, mbele ya vibao vya mbao vilivyoandikwa majina ya waliotangulia, kisogo kimepasuka. Pembeni yake kilikuwa chetezo cha shaba, chetezo kizito cha kufukizia ubani, kimepinduka na makaa yake yametawanyika sakafuni. Na muuaji alikuwa ameshapatikana, nyumba nzima ilisema hivyo. Alikuwa Ruolan, mke mdogo wa marehemu, aliyezaa mtoto wa kiume majira yaliyopita na ambaye, walisema, alikuwa na tamaa ya kumrithisha mwanawe kabla ya wakati. Walikuwa wamemfungia ghala la mchele. Walichotaka kwa Hakimu ni muhuri tu. Walimwekea chai, wino na kiti kilichoelekea mlangoni, ili asione haja ya kukaa sana.

Hakimu hakunywa ile chai. Alikwenda ghalani.

Ruolan alikuwa ameketi juu ya gunia, nguo yake imelowa kifuani kwa maziwa, kwa sababu mtoto wake walikuwa wamemnyang'anya. Hakulia na wala hakumsihi mtu. Alieleza kwamba yeye hajawahi kukanyaga ukumbi wa mababu tangu aletwe hapa, maana mke mdogo haruhusiwi kuvuka kizingiti chake, na kama angevuka hata mara moja watumishi wangepiga kelele mtaa mzima ukajaa. Hakimu akamwambia atoe mikono. Alikwisha kuona kola ya maiti ilivyoungua na majivu yalivyozagaa. Chetezo kile kilikuwa na moto, na aliyekinyanyua alinyanyua moto. Mikono ya Ruolan ilikuwa safi, laini, haina hata lengelenge.

"Wakininyonga," alisema Ruolan, bado ameinyoosha mikono, "mwanangu atanyonya nini?"

Hakimu alielekea mlangoni. Alikuwa hakimu, hakuwa mlezi, na isitoshe hakupenda kuulizwa maswali siku ile. Lakini alipotoka alimwamuru askari wake asimame mlangoni mwa ghala, na asimruhusu mtu yeyote wa nyumba ile kuingia.

Hapa inabidi isemwe sheria ya Dola ilivyokuwa, maana bila hiyo mengine yote yataonekana kama wazimu. Sheria hiyo ilipima hatia kwa nguo. Mtu akifa, walio wake huvaa msiba, na msiba una daraja zake. Mwana wa marehemu huvaa katani nzito, ile inayochubua shingo, na kingo zake huachwa zimechanika, nyuzi zinaning'inia, bila upindo, kwa kuwa mwana aliyefiwa na baba hana nafasi ya kushona wala kujipamba. Ndugu na wajukuu huvaa katani iliyopindwa kingo. Binamu huvaa nyepesi zaidi, na wakwe nyepesi zaidi ya hiyo, mpaka kwa mtu baki, ambaye huvaa nguo zake za kila siku na kwenda zake. Kwa hiyo hakimu wa Dola, kabla ya kuuliza mtuhumiwa alifanya nini, huuliza anavaa nini. Aliyemwua mtu baki hupelekwa kwenye mchanga wa mpakani, akaishi huko mpaka afe mwenyewe. Aliyemwua baba yake hukatwa vipande sokoni mchana kweupe, na pale alipokatiwa hufagiwa. Baba akimwua mwana, huonywa.

Hakimu alikuwa ameitumikia sheria hiyo maisha yake yote na hakuwahi kuipenda. Aliijua kama mtu anavyolijua jino bovu. Kitendo ni kile kile, aliwaza, akitembea kwenye theluji ambayo sasa ilikuwa na alama za viatu vyake za jana, ingawa jana hakuwa amefika. Mkono ni ule ule, shaba ni ile ile, fuvu ni lile lile. Kisha mtu anakuja na mkasi na kitambaa, na kitendo kinakuwa kitu kingine. Nani basi anayemzaa mwana? Tumbo? Au mkasi? Na aliyevikwa akaambiwa wewe ni fulani bin fulani, akala kwa jina hilo, akalala, akaota ndoto kwa jina hilo, yule aliyekuwepo kabla ya jina alikwenda wapi? Alikufa? Kama alikufa, mbona hakuna aliyemvalia msiba? Alijiuliza hivyo mpaka akajichukia, kwa kuwa maswali haya hayakuwa kazi yake.

Mbele ya jeneza, katika ukumbi wa mababu, jamaa wote walikuwa wamepiga magoti kwa daraja zao. Mbele kabisa alikuwa Luo Jingan, mrithi, mwanamume wa makamo mwenye uso mzuri na shingo ngumu, amevaa katani nzito ya mwana. Kando yake alikuwa Bibi Yin, mke mkubwa wa marehemu, mama mwenye nyumba. Yeye ndiye aliyekata nguo za msiba za watu wote, kama desturi inavyomtaka mke mkubwa, na mkasi wake ulikuwa bado umening'inia mkandani. Hakimu alisimama nyuma ya nguzo, akatazama. Jingan alisujudu vizuri kuliko wote. Paji la uso liligonga sakafu, sauti ya kilio ikatoka kwa kipimo chake. Lakini mikono haikuonekana. Watu wengine waliweka viganja sakafuni; yeye aliviacha ndani ya mikono mirefu ya kanzu, akasujudu kwa viwiko.

Hilo peke yake lingetosha. Ila Jingan alipoinuka, katani ilijikunja nyuma, na Hakimu akaona kitu ambacho hakukitegemea hata kidogo. Ukingo wa kanzu ile, uliopaswa kuwa umechanika, ulikuwa umepindwa. Upindo mwembamba kuliko ukucha, umegeuziwa ndani, umeshonwa kwa uzi wa rangi ya katani, kisha nyuzi chache zimeachwa nje makusudi ili jicho la kawaida lidanganyike. Ni kazi ya mkono stadi. Mtoto wa mshona viatu aliujua ushonaji alipouona.

Alimwita Bibi Yin kwenye ua wa miforosadi. Bibi Yin alikuja akakaa bila kukaribishwa, na kabla Hakimu hajafungua kinywa akamwambia kwamba anachelewesha mazishi, kwamba marehemu ataanza kunuka, na kwamba watu wa kusini wanafahamika kwa kuchelewa. Hakimu akamwacha amalize. Kisha akauliza ni nani aliyeshona kanzu ya mrithi.

"Mimi."

"Na upindo?"

Bibi Yin alitazama majani ya miforosadi. Yalikuwa mabichi walipoketi. Sasa yalianza kunyauka kingoni, na alipojibu yalikuwa yameshaanguka.

"Walio hai nimewadanganya, na ningeendelea," alisema. "Waliokufa siwawezi. Mtu baki akimlilia maiti kwa nguo ya mwana, maiti hapati njia. Angerudi kila siku kuniuliza nimemvika nani."

Mengine aliyasema kwa ufupi, kwa hasira, kama anayemwaga maji machafu. Tumbo lake halikuwahi kushika. Katika mwaka ambao mumewe alikuwa mbali vitani, alijifunga mito tumboni, akaenda kujifungua kwa dada zake, akarudi na kichanga alichokipata kwa mwanamke mmoja wa kiwanda cha ngozi ng'ambo ya mfereji, kwa gunia la mchele. Mumewe aliporudi alimtazama mtoto mara moja tu, akajua. Hakusema. Nyumba ilihitaji mtu wa kuwamiminia mababu mvinyo, na mtu akawa amepatikana. Miaka yote alimwita mwanangu, akamfundisha kupanda farasi, akamchapa, akamwoza. Kisha Ruolan akazaa. Na siku ya kuwamiminia mababu, mbele ya vibao, Mzee Luo alimnyang'anya Jingan birika la mvinyo, akamwambia asiliguse tena, hii ni kazi ya damu.

Hakimu akauliza ni nani mwingine aliyekuwepo ukumbini. Bibi Yin akasema alikuwepo yeye na marehemu na Jingan, na chetezo.

"Ukamwachia yule msichana wa ghalani abebe."

"Yule ana mtoto wa tumbo lake," akasema Bibi Yin. "Ameshapata cha kutosha."

Hakimu aliinuka, maana alihisi akiendelea kukaa atampiga. Alikuwa na wauaji wengi aliowahi kuwaonea huruma, lakini huyu mama hakuwa muuaji, na hakuweza kumwonea huruma.

Ikabaki kumhoji Jingan, na Hakimu alitaka ahojiwe ukumbini, mbele ya vibao, kwa kuwa katika Dola neno lililosemwa mbele ya vibao vya mababu ni kiapo. Halifutwi na machozi wala na wakili. Akaamuru Ruolan aletwe mpaka kizingitini, na mtoto wake arudishiwe. Watu wa nyumba ile wakanung'unika. Hakimu akawaambia atakayenung'unika mara ya pili atalala ghalani badala ya Ruolan, na wakafunga midomo.

Jingan aliingia peke yake. Hakukana. Alivuta mikono ya kanzu kwa meno, akaonyesha viganja: vimeiva, vimetoka malengelenge, vimefungwa vipande vya katani vilivyogandamana na ngozi. Aliviinua juu mbele ya vibao kama anayetoa sadaka.

"Mimi Luo Jingan," alisema, "nimemwua baba yangu."

Aliyasema maneno hayo mawili ya mwisho kwa raha. Hakimu aliisikia raha hiyo, akaelewa, na kwa mara ya kwanza tangu alipopita lango lile kwa ubavu alimwogopa mtu. Huyu hakuwa anaungama. Alikuwa anadai. Watu wengine huonyesha shamba, huonyesha kaburi, huonyesha pua inayofanana; huyu alikuwa anaonyesha mauaji. Kama nimemwua baba, basi nilikuwa na baba. Nikateni sokoni, kila kipande kitakuwa kipande cha Luo.

Hakimu alimweleza sheria taratibu, ingawa kila mtu pale aliijua. Akisimama kama mwana, ni soko. Akisimama kama mtu baki, ni mchanga wa mpakani, na uhai. Akamwambia vilevile kwamba upindo wa kanzu yake umeonekana, na aliyeushona amesema yote. Akaongeza, kwa ukali ambao hakuukusudia, kwamba ni nadra mtu kuambiwa achague, na kwamba baba yake yeye Hakimu hakuwahi kuchagua hata rangi ya ngozi ya viatu.

Jingan akaitazama kanzu yake. Hakuwa akijua. Aliugeuza ukingo kwa kiwiko, akauona uzi, akausogeza mdomoni na kuanza kuupasua kwa meno. Katani ilikwaruza, uzi ulikatika, upindo ukafumuka kipande kwa kipande na nyuzi zikaning'inia kama sheria inavyotaka. Midomo yake ilitoka damu. Hakuna aliyemzuia.

Hapo Bibi Yin akatoka safu ya wanawake. Alipiga magoti nyuma ya Jingan, akachomoa sindano kwenye kola yake, akashika ukingo uliochanika na kuanza kuupinda upya. Jingan alipopasua mbele, yeye alishona nyuma. Yule mama ambaye Hakimu alikuwa tayari kumpiga makofi alikuwa anashona kufa na kupona, sindano inamchoma vidole, anaisukuma, anaivuta, anamtoa mwanawe katika ukoo mshono kwa mshono ili asikatwe vipande. Alikuwa analia sasa. Hakimu aligeuza uso. Alijiambia ni moshi wa ubani, na kweli moshi ulikuwepo.

Jingan akavuta kanzu. Bibi Yin hakuachia. Akavuta tena, akajikwaa, akamgeukia kwa macho yaliyomtoka.

"Toa mikono yako," alisema. "Wewe si mama yangu."

Mtoto wa Ruolan, aliyekuwa ananyonya kizingitini, aliacha titi. Vibao vya mababu vilisimama safu kwa safu, na kila mmoja pale alijua vimesikia. Jingan mwenyewe alibaki kinywa wazi. Alikuwa amemkana mwanamke mmoja kwa hasira ya dakika moja, kama kila mtoto anavyomkana mama yake walau mara moja maishani, lakini hakuwa na uzi mwingine uliomfunga kwa nyumba ile isipokuwa huyo huyo aliyepiga magoti. Kama yule si mama yake, basi hakuna aliyemzaa humo.

Hakimu angeweza kusema hakusikia. Mwandishi wake alikuwa ameinua kalamu, anamsubiri. Aliwaza kidogo, na alichokiwaza hakikuwa haki. Aliwaza ubao mmoja wa lango, na tumbo alilolivuta ndani. Kisha akasema imesikika, huyu ni mtu baki, apelekwe mpakani.

"Mvueni nguo isiyo yake."

Wakamvua. Jingan alipigana nao kwa viganja vile vilivyoiva, akasihi akatwe, akamwita Hakimu mwizi, na hakuna mtu aliyewahi kusihi namna hiyo mbele ya Hakimu Pei kwa ajili ya kifo. Alibaki na nguo ya ndani. Kanzu ilikuwa chini, upindo umefumuka karibu wote, kingo zimechanika, nyuzi nje. Bibi Yin aliiokota. Alikata kwa mkasi kile kipande kifupi alichokuwa ameshona upya, akaenda kizingitini, akamfunika nayo mtoto wa Ruolan. Ilimzidi mara nyingi, ilimfunika yeye na mama yake na sehemu ya sakafu, lakini ilikuwa nguo sahihi. Ruolan hakumshukuru. Alivuka kizingiti akiwa amembeba mtoto, akaenda kupiga magoti mbele ya jeneza, pale ambapo Jingan alikuwa amepiga.

Msafara ulirudi kwa njia ile ile: theluji, miforosadi isiyo na jani, mvua. Bawabu aliyewatangulia alizeeka kila kizingiti, na walipofika langoni alikuwa kikongwe anayeshika ukuta. Hakimu alilitaja jina la baba yake, safari hii kwa sauti, akatoka. Askari nao wakataja baba zao, mkulima, mchoma mkaa, mtu aliyefia mferejini, wakatoka mmoja mmoja. Akabaki Jingan na kamba mikononi, ncha ya kamba ikiwa nje na yeye ndani.

"Mwana wa nani?"

Jingan alianza kusema Luo, na bawabu akatikisa kichwa. Hakuwa na inda. Alionekana kumwonea huruma, maana alikuwa amemfungulia lango hili tangu alipokuwa anabebwa. Akamwambia kwamba jina hilo limeshavuliwa. Alimsubiri. Mvua iliwanyeshea wote wawili, na nje wapagazi walikuwa wamekwisha kuinua machela. Hatimaye bawabu akainamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba hata la mama litatosha, yeye hatabagua, ataje la mama tu.

Jingan aligeuka. Bibi Yin alikuwa amewafuata mpaka pale bila kuitwa, amelowa, sindano bado iko vidoleni na uzi unaburuta kwenye matope. Shingo ya Jingan, ile shingo ngumu, ililegea.

"Yule wa kiwanda cha ngozi," aliuliza. "Aliitwa nani?"

Bibi Yin aliangalia uzi wake, akaangalia lango, akaangalia uso aliouosha kila asubuhi ulipokuwa mdogo.

"Sikumwuliza," alisema.

Bawabu akangoja kidogo kwa adabu, kisha akamwuliza tena.